Watu wa Pwani, Wanyama wa Bara: Tarime na Serengeti katika Vitabu vya Safari

Kitabu cha safari hudai kwa msomaji kitu ambacho hadithi haikidai, nacho ni kusadikiwa. Mtunga hadithi husamehewa uwongo wake mradi uwe mzuri. Msafiri hasamehewi, maana mamlaka yake yote yamo katika neno moja tu: kwamba alikuwapo. Alikanyaga mchanga, alikunywa maji ya mto, alilala chini ya mti anaoutaja. Kwa ajili hiyo msomaji humpa imani ambayo hawezi kumpa mtu mwingine yeyote, na kwa ajili hiyo hiyo kosa la msafiri huishi miaka mingi kuliko kosa la mtunga hadithi. Nchi iliyosemwa vibaya katika kitabu cha namna hii haina pa kujitetea, ila ipate kitabu kingine.

Wilaya mbili za mkoa wa Mara, Tarime na Serengeti, zimeandikwa sana na wapitaji. Mto Mara, utokao katika misitu ya Mau nchini Kenya, huzigawa wilaya hizo kabla ya kuingia katika ziwa Viktoria: kaskazini yake ni nchi ya Wakuria, yenye vilima, baridi, migomba na kahawa, kusini yake ni Mugumu, Ikoma, Nata na Ngoreme, nchi inayotelemka polepole hadi kwenye mbuga. Jina la wilaya ya pili linajulikana katika kila pembe ya dunia. Jina la ile ya kwanza halijulikani na wengi nje ya Afrika ya Mashariki. Tofauti hiyo haikuletwa na ardhi, maana ardhi ni moja na mto ni mmoja. Imeletwa na vitabu, na yafaa vitabu hivyo vipimwe kama vitabu, kwa mpango wake, kwa lugha yake na kwa mambo viliyoyaacha.

Mpango wa kitabu cha safari cha Kizungu ni wa zamani na haubadiliki kwa urahisi. Msafiri hushuka melini katika mji wa pwani. Hapo huona watu: mabaharia, wachuuzi, wanawake sokoni, maofisa, bei ya samaki, sauti ya adhana au ya kengele. Huenda mji mkuu, na hapo pia huona watu, hata akawataja kwa majina kwa kuwa walimkaribisha chakula. Kisha huingia bara, na tangu hapo kurasa hubadilika rangi. Watu hupungua, miti huongezeka. Alexander von Humboldt, aliyetua Cumaná katika pwani ya Venezuela mwaka 1799, ni mfano mkubwa wa mpango huo. Cumaná katika kitabu chake imejaa watu, hata soko la watumwa lililokuwa karibu na nyumba yake, ambalo alilichukia na kuliandika bila ya kuficha chuki yake. Caracas, mji mkuu, ina wenyeji wenye elimu, muziki na siasa. Halafu huja mto Orinoco, na mwenye kutawala kurasa ni mto wenyewe, na mamba, na nyota. Ni haki kusema kwamba Humboldt hakuwafuta wenyeji wa mto ule. Aliwasikiliza, akaandika maneno ya lugha zao. Lakini waliomfuata waliiga mpango wake bila ya kuiga masikio yake.

Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alikuwa mmoja wa wafuasi walio bora. Pwani ya Waswahili aliijua vizuri, na ilimjua pia: mwaka 1888 yeye na mwenzake Hans Meyer walikamatwa na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani, wakaachiliwa kwa fidia. Mwanzoni mwa mwaka 1892 aliondoka Tanga na msafara wake, akapita nchi ya Wamasai, akaingia Ngorongoro mwezi wa Machi, akavuka mbuga, akashuka upande wa magharibi kupitia nchi ya Waikoma hata akafika ziwani. Kitabu chake cha safari hiyo kilichapishwa Berlin mwaka 1894.

Msomaji anayekitafuta kitabu hicho kwa ajili ya mandhari ya Serengeti atashtuka, maana anachokikuta ni njaa. Sotoka ilikuwa imekwisha kuwaua ng'ombe wa Wamasai, na ndui ilifuata. Baumann aliona wanawake waliobaki mifupa na ngozi, vijana wapiganaji waliotambaa kama watoto, wazee waliokaa wakingoja kufa. Aliona watu wakila ngozi na mifupa na pembe za mizoga. Wazazi walimletea watoto wao wawabadili kwa kipande cha nyama, na alipokataa wakawaficha watoto karibu na kambi na kwenda zao. Alikisia kwamba theluthi mbili za Wamasai walikwisha kufa. Kurasa hizo ni za kweli na za huruma, na ndizo zilizo bora katika kitabu kizima. Hata hivyo zina upungufu ambao mpimaji hawezi kuupita. Hakuna hata mmoja katika wenye kufa hao aliye na jina. Mwandishi aliyekuwa makini kuandika jina la kila kilima na kila kijito hakuuliza jina la mzee aliyekaa mlangoni pa kambi yake. Na wapagazi wa pwani, ambao ndio waliozungumza na wenyeji kwa niaba yake, wamo kitabuni kama miguu na mabega. Maneno yao hayamo.

Kosa la Baumann, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na la msafiri aliyekuja miaka ishirini na moja baadaye. Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White, mtunga hadithi na mwindaji, alitoka Kenya akaingia sehemu ya kaskazini ya Serengeti. Baada ya mwendo mrefu katika nchi kavu iliyoungua, aliona miti ya kijani ya mto Bologonja, na alipoifikia alijiona ameingia peponi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1915 kwa jina la *The Rediscovered Country*, yaani nchi iliyogunduliwa upya. Jina hilo peke yake lastahili kusimamisha kalamu. Kilichogunduliwa upya ni lazima kiwe kilipotea, na kilichopotea ni lazima kiwe kilipotea kwa mtu fulani. Serengeti haikuwapotea Waikoma, waliokuwa wakiwinda humo. Haikuwapotea Wamasai. Haikuwapotea hata Wajerumani, ambao walikuwa na ngome yao Ikoma. Iliwapotea wawindaji wa Nairobi na wasomaji wa New York, na hao ndio ambao White aliwahesabu kuwa ulimwengu.

White aliandika vizuri, na hapa ndipo hatari ilipo. Sentensi zake ni nyepesi, jicho lake ni kali, na furaha yake mbele ya makundi ya wanyama ni ya kweli, ingawa furaha hiyo ilimalizikia mara nyingi kwenye mlio wa bunduki. Lakini hakujiuliza swali moja ambalo mkulima yeyote wa Mugumu angeliuliza mara moja: kwa nini nchi yenye maji na majani mazuri namna hii haina watu? Jibu lilikuwa katika kitabu cha Baumann. Ng'ombe walipokufa na watu walipokufa au kukimbia, vichaka viliota mahali palipokuwa malisho na mashamba, na ndani ya vichaka waliingia mbung'o, na mbung'o wakawazuia watu na mifugo kurudi. Pepo ya White ilikuwa mahame. Yeye aliona mwanzo wa dunia mahali ambapo mwenyeji angeliona mwisho wa kijiji. Miti ile ya kijani haikumwambia neno, na hakuwa na mtu wa kumwuliza, au tuseme alikuwa naye akabeba mzigo wake.

Si jambo la vitabu tu. Maneno ya msafiri hupanda ngazi za serikali. Palipoandikwa kuwa hapana mtu hupigwa mstari wa ramani kwa wepesi, na mwenyeji anayejitokeza baada ya mstari kupigwa huonekana kama mvamizi katika nchi ya babu zake. Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959, Ngorongoro ikatengwa, Wamasai wakatolewa katika mbuga. Watu wa magharibi, wa Ikoma na Nata na Ngoreme, walifungiwa mawindo yao, na pamoja na mawindo, makaburi na mahali pa matambiko. Shauri la Wamasai lilipata kelele katika magazeti ya wakati ule. Shauri la hawa wa magharibi lilipata kelele ndogo zaidi, na sababu moja ni kwamba hawakuwamo katika vitabu. Wamasai walikuwa wamekwisha kuwa sehemu ya mandhari ambayo Mzungu aliipenda. Mkulima wa mtama mwenye upinde hakuwa na nafasi katika picha hiyo.

Kitabu kilichoikamilisha picha ni cha Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Walikuja kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakawahesabu wanyama kutoka angani. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo tarehe 10 Januari 1959, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Kitabu kilitoka Ujerumani mwaka huo huo, na jina lake latangaza kwamba Serengeti isife. Filamu yake ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Ni vigumu kukisoma kitabu ambacho kina kaburi ndani yake bila ya kuona huruma, na hakuna mchambuzi mwungwana atakayemnyima baba huyo heshima yake. Tena ni lazima isemwe wazi kwamba alichotaka kukiokoa kilistahili kuokolewa.

Lakini tazama namna kilivyoandikwa. Jumla ya wanyama wakubwa waliohesabiwa ni 366,980. Hawakusema laki tatu na nusu, wala karibu laki nne. Walisema hadi themanini. Nambari hiyo ni fasihi kabla ya kuwa sayansi. Kazi yake ni kumfanya msomaji aone kwamba kila pundamilia amejulikana na kila swala ameandikwa daftarini. Kumbe hesabu zilizofanywa miaka michache baadaye zilionyesha nyumbu maradufu na zaidi ya wale walioandikwa. Na kutoka angani, ambako macho ya Grzimek yalikuwa muda mrefu, nyumba ya mtu na kichuguu havipitani sana. Kitabu kinashikilia kwamba hifadhi ya taifa ni lazima ibaki nyika ya asili, asiishi ndani yake binadamu yeyote, hata mwenyeji. Neno hilo "hata mwenyeji" latamkwa kama neno la haki, kana kwamba kumwondoa mwenye nyumba pamoja na mgeni ni usawa.

Kuna jambo moja ambalo lingeliweza kumfurahisha mtungaji wa mikasa. Nyumbu waliongezeka kutoka laki chache hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na sababu kubwa ilikuwa kutoweka kwa sotoka miongoni mwao mapema katika miaka ya 1960. Sotoka ilitoweka kwa nyumbu kwa kuwa ng'ombe wa wafugaji waliokaa kandokando ya hifadhi walichanjwa. Ugonjwa ule ule ulioifanya nchi kuwa mahame machoni pa White uliondolewa zizini, kwa mikono iliyowashika ng'ombe pembe. Sura hiyo haimo katika kitabu chochote cha safari, maana hakuna msafiri anayekwenda Serengeti kutazama ng'ombe.

Baada ya hao, inafaa kugeukia upande ambao wachambuzi wa vitabu vya safari hawaugeukii mara nyingi. Waswahili waliandika safari zao kabla ya White, na waliandika kwa desturi nyingine. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alichapisha mkusanyiko uitwao *Safari za Wasuaheli*. Ndani yake Sleman bin Mwenye Chande anasimulia safari yake ya bara, Mtoro bin Mwinyi Bakari safari ya Udoe na Uzigua, na Selim bin Abakari, mbali na safari ya Nyasa, anasimulia jinsi alivyokwenda Urusi na Siberia mwaka 1896 pamoja na bwana wake Mjerumani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepita Tarime au Ikoma. Lakini desturi yao ya kuandika yastahili kuwekwa kando ya ile iliyokwisha kupimwa.

Kitu cha kwanza kinachoonekana ni kwamba mandhari ni machache mno. Mto hutajwa kwa kuwa ulivukwa, mlima kwa kuwa ulipandwa, msitu kwa kuwa ndani yake hapakuwa na maji. Watu, kinyume chake, hawaishi. Kila kituo kina mwenyewe. Msafara hauingii mahali pasipo kuuliza ni nchi ya nani, na mwenye nchi akishajulikana kuna hongo ya kutolewa, na hongo ina kiasi chake, na kiasi kina mabishano yake, na mabishano yana mwisho wake wa amani au wa vita. Katika vitabu hivyo haiwezekani nchi iwe tupu kwa sababu nchi tupu haina wa kumlipa. Hata njaa na kiu zinasimuliwa kwa kuhesabu siku kutoka kwa watu hawa hadi kwa watu wale.

Isidhaniwe kwamba wasafiri hao walikuwa na mikono safi. Misafara ya pwani ilibeba pembe na ilibeba watumwa, na kalamu iliyoandika kwa uangalifu jina la mtemi mara nyingine ilikuwa kalamu ya daftari la biashara. Huenda waliwaona watu kwa sababu ile ile iliyomfanya mchuuzi amwone mnunuzi. Naam, iwe hivyo. Lakini mfanyabiashara anayembishia mtu bei amekiri kwamba mtu huyo yupo na kwamba kitu hicho ni chake. White hakumkiria mtu yeyote jambo hilo.

Selim ndiye anayependeza kuliko wote, kwa kuwa safari yake iliipindua meza. Yeye, mtu wa visiwani na pwani, anapita katika miji mikuu ya Ulaya na kuingia katika nyika za theluji, na macho anayoyatumia ni yale yale ambayo angeyatumia Ugogo. Ataka kujua watu wanakula nini, wanaabudu nini, wanalipa nini, wanalala wapi. Anapokutana na Waislamu katikati ya Urusi anafurahi kama aliyekuta ndugu. Yeye mwenyewe anakuwa tamasha, watu wanakusanyika kumtazama, naye anaandika hayo bila ya uchungu mwingi, kwa utulivu wa mtu anayejua kwamba mgeni hutazamwa. Mgeni wa Kizungu katika Serengeti ni nadra kuandika kwamba alitazamwa. Msafiri ambaye hajapata kutazamwa hajafika bado, amepita tu.

Miaka thelathini baadaye desturi hiyo ilikuwa hai katika kalamu ya Martin Kayamba, karani wa serikali aliyezaliwa Mbweni, Unguja. Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Kitabu chake kiliitwa *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Vitenzi viwili vya jina hilo vina uzito sawa. Kayamba ni mnyenyekevu mno kwa watawala, na msomaji wa leo atachoka na shukrani zake. Lakini hakwenda kutazama tu. Alikwenda kusema neno, na kitabu chake kinamkumbusha msomaji hivyo tangu jaladani. Baumann, White na Grzimek wote walifanya mambo makubwa Serengeti, mmoja aliandaa njia ya utawala, mmoja njia ya bunduki, mmoja njia ya mipaka, lakini vitabu vyao vinapenda kujidai kwamba vilitazama tu.

Vitabu vya leo vya kuongoza watalii vimerithi upande mmoja wa urithi huu. Serengeti humo ni Seronera, ni Kogatende na kuvuka kwa nyumbu katika mto Mara kati ya Julai na Oktoba; mgeni hushuka kwa ndege ndogo katika kiwanja cha nyasi, na huondoka kwa ndege hiyo. Mugumu hutajwa kama njia, Robanda kama kijiji kilicho karibu na lango. Tarime hupata mistari michache kwa sababu ya mpaka wa Sirari: basi husimama, hati hutazamwa, fedha hubadilishwa. Kwa upande wa magazeti ya nyumbani, yanayoandikwa Dar es Salaam, Tarime ni vita vya koo, ni ng'ombe walioibwa, ni dhahabu ya Nyamongo tangu mgodi mkubwa ulipoanza kazi mwaka 2002. Mambo hayo yapo, na wenyeji wenyewe hawayakani. Ila ni ajabu kwamba mwandishi wa jiji hilo hutumia kwa Tarime mpango ule ule wa msafiri wa Kizungu: Dar es Salaam ina watu, Tarime ina matukio. Mkuria wa magazeti hana saa ya kupalilia kahawa wala ya kusimulia, ni mtu wa panga tu, kama vile simba wa Grzimek asivyokuwa na kazi nyingine ila kuwa simba.

Wala si kweli kwamba watu wa huko hawakusafiri. Wakuria waliingia Keya kwa wingi kuliko makabila mengi yaliyowazidi kwa hesabu. Katika vita vya 1939 hadi 1945 vijana kutoka vilima vya Tarime walipita miji ya pwani, wakapanda meli, wakaona Ceylon, wakapigana Burma. Hiyo ni safari ndefu kuliko ya Baumann, na yenye hatari kubwa kuliko ya White. Walivuka mstari kutoka upande wa pili: bara ilikuwa kwao, na watu wa ajabu walikuwa wa pwani na wa ng'ambo. Kama mmoja wao angeandika kwa desturi ya Selim bin Abakari, akataja bei, chakula, dini na jinsi alivyotazamwa, Kiswahili kingekuwa na kitabu cha safari ambacho hakina ndugu. Wengi walirudi na medali, wakasimulia jioni, na waliosimuliwa wakazeeka.

Upande wa kusini ya mto bahati ilikuwa nzuri kidogo. Mwaka 2003 Jan Bender Shetler, mwanahistoria Mmarekani aliyekaa miaka kadhaa katika mkoa wa Mara, alihariri mkusanyiko wa historia za wenyeji wa Mara ya kusini, zilizotungwa na wazee na walimu wa huko wenyewe, na akazichapisha kwa Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Anayezisoma baada ya vitabu vya wapitaji hupata hisia ya mtu aliyeingia chumba kilekile kwa mlango mwingine. Porini pamejaa majina. Kila mlima una ukoo, kila chemchemi ina aliyeichimba au aliyeiota. Historia za asili nazo ni hadithi za safari: mwindaji anatoka nyikani, anakutana na mwanamke mkulima aliyekwisha kufika, na kutokana na nyama ya mmoja na nafaka ya mwingine linatoka kabila. Nyika ambayo kwa White ni mahali pasipo mtu, kwa Wanata ni mahali ambapo baba alitokea.

Kwa kipimo cha utunzi maandishi hayo hayalingani. Mengine ni makavu kama ripoti ya tarafa, orodha ya rika na orodha ya watemi, na mwandishi amesahau kwamba msomaji hakuzaliwa kijijini kwake. Mengine yamejaa ubishi wa koo, kila mmoja akitaka babu yake awe ndiye aliyefika kwanza, na mhariri mwenye ukali zaidi angepunguza. Kiswahili chake ni cha shule ya zamani, chenye kuogopa utani, na mara chache mno hukubali neno la Kinata au la Kingoreme lisimame kwa miguu yake. Pungufu kubwa ni kwamba wanawake, ambao katika hadithi za asili ndio wenye nyumba na moto na mbegu, hawamo katika orodha ya waandishi kwa kiasi cha kustahili. Lakini kuna ukurasa baada ya ukurasa ambapo njia ya wawindaji inafuatwa kituo kwa kituo, kwa siku za mwendo na kwa majina ya maji, na hapo mtu aliyezoea Velten atatambua mwendo wa msafara wa zamani: kila kituo kina mwenyewe.

Mkusanyiko wa Velten ulichapishwa Göttingen, ukiwa na tafsiri yake ya Kijerumani iliyotoka mwaka ule ule kwa ajili ya wasomaji wa huko. Kitabu cha Kayamba kilichapishwa London. Historia hizi za Mara ya kusini zilichapishwa Leiden, Uholanzi, na mwalimu wa Mugumu anayetaka kuwasomea wanafunzi wake habari ya mlima wanaouona dirishani ni lazima aziagize kutoka huko.